Kurekebisha Nyumba ya Wazee kwa Ajili ya Wakazi Wenye Demensia: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Nyumba nyingi za wazee huanza kazi hii kwa kununua mabango na picha za ukutani. Miezi michache baadaye hali ni ileile. Mzee mmoja anasimama mlangoni na kukataa kuingia bafuni, mwingine anakojoa kwenye kapu la takataka, wa tatu anapiga mlango wa kutokea kila ikifika jioni. Wahudumu wanachoka, familia zinalalamika, na hatimaye mtu anapendekeza dawa ya kumtuliza.

Kinachokosewa hapa ni mpangilio wa kazi. Sakafu hutangulia, kisha mwanga, kelele na choo. Mabango huja baadaye, kwa sababu mkazi anayeogopa sakafu ya korido hatalifikia bango hata likiwa zuri namna gani.

Demensia, yaani kudhoofika kwa uwezo wa ubongo kukumbuka na kufikiri, haiishii kwenye kumbukumbu. Huvuruga pia jinsi ubongo unavyotafsiri kile ambacho macho yameona. Mtu anaweza kupimwa macho na kukutwa mzima, lakini akashindwa kutofautisha kivuli na shimo. Ongeza na uzee wenyewe: kwa mtu wa miaka 60, mwanga unaofika ndani kabisa ya jicho ni takriban theluthi moja tu ya ule anaoupata kijana wa miaka 20. Lenzi nayo hugeuka ya manjano, na rangi za buluu na kijani huanza kufanana. Kwa hiyo tabia nyingi tunazoziita ukaidi ni jibu sahihi kabisa kwa kitu ambacho mkazi amekiona na sisi hatukioni. Kazi yako ni kukitafuta kitu hicho.

## Vifaa utakavyohitaji

- Daftari au fomu ya kuandikia matukio, na ramani ya nyumba iliyochorwa kwa mkono.
- Simu yenye kamera inayoweza kupiga picha nyeusi na nyeupe.
- Kipima mwanga na kipima sauti. Programu za simu zinatosha kulinganisha chumba kimoja na kingine, ila namba zake zisichukuliwe kuwa kamili.
- Utepe wa kupimia urefu na kipimajoto cha maji.
- Kiti cha magurudumu cha kukalia wewe mwenyewe.
- Kadi za sampuli za rangi zenye namba ya uakisi wa mwanga. Namba hiyo huanzia 0 kwa nyeusi tupu hadi 100 kwa nyeupe tupu, na watengenezaji wengi wa rangi huitoa ukiomba.
- Rangi ya ukuta isiyong'aa, balbu, taa ndogo za usiku, vikalio vya choo vya rangi iliyokolea, na vipande vya kitambaa kizito vya kubandika chini ya miguu ya viti.
- Kibali cha mkaguzi wa usalama wa moto kabla ya kugusa mlango wowote wa kutokea.

Kanuni moja ya rangi itakuongoza mwanzo hadi mwisho. Kitu unachotaka kionekane, kama kikalio cha choo au chuma cha kushikia, kitofautiane na kilicho nyuma yake kwa namba 30 au zaidi. Sehemu unayotaka mkazi aipite bila kusita, kama mahali sakafu mbili zinapokutana, tofauti isifike 10. Usichague rangi kwa majina. Nyekundu na kijani zinaonekana mbali kabisa kwako, lakini zikiwa na namba zinazokaribiana, mzee anaweza kuziona kama rangi moja ya kijivujivu.

## Kabla ya hatua ya kwanza: hakikisha si ugonjwa

Mkazi aliyebadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, usimtafutie rangi ya ukuta. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, amefunga choo, ana maumivu asiyoweza kuyaeleza, amepungukiwa maji mwilini au ameanzishiwa dawa mpya. Anahitaji kuonwa na daktari siku hiyohiyo.

Kagua pia miwani na vifaa vya kusikilizia. Visafishe, angalia betri, na uhakikishe ni vya mtu huyo, maana miwani hupotea na kubadilishana wenyewe kwa urahisi sana kwenye nyumba ya watu wengi. Masikio yaliyoziba kwa nta hufanana kabisa na mtu asiyetaka kusikiliza.

## Hatua ya 1: Andika kwa wiki mbili bila kubadilisha chochote

Bila kumbukumbu ya mwanzo hutajua kama mabadiliko yamesaidia. Kila tukio liandikwe papo hapo: saa, mahali hasa, kilichotangulia, alichofanya, alichosema, na kilichofuata. Ongeza hali ya mwanga na kelele kwa wakati ule.

"Alikuwa mkali bafuni" haisaidii kitu. Andika hivi: "Saa 11:40 jioni, mlango wa bafu la mwisho wa korido. Zulia jeusi mlangoni, taa ya korido bado haijawashwa. Alisimama, akashika fremu kwa mikono miwili, akasema 'nitaanguka'. Alipovutwa mkono alipiga." Maelezo kama hayo yanaonyesha sababu mbili zinazoweza kuondolewa kabla ya usiku kuingia.

Hesabu pia idadi ya kuanguka, nguo zilizolowa na mara anazoamka usiku, na upime uzito wa kila mkazi. Kila tukio lipate nukta kwenye ramani. Wiki mbili zikiisha utaona nukta zimejikusanya sehemu chache, na hizo ndizo utakazoanza nazo.

## Hatua ya 2: Pita njia zake kwa kimo chake

Keti kwenye kiti cha magurudumu, au tembea ukiwa umeinama kidogo na macho yakitazama mita moja au mbili mbele ya miguu. Wazee wengi hutembea hivyo. Nenda kutoka kitandani hadi chooni, kutoka chumbani hadi mezani, kutoka sebuleni hadi nje. Rudia safari hiyo asubuhi, jua likiwa kali, na usiku.

Kisha lala kwenye kitanda cha mkazi, kichwa kikiwa juu ya mto. Unaona nini? Ukiona kabati tupu na mlango uliofungwa, hicho ndicho anachokiona akiamka saa 8 usiku na mkojo umembana.

Piga picha nyeusi na nyeupe kila mahali penye nukta. Picha hiyo inaondoa rangi na kuacha tofauti ya mwanga peke yake. Kikalio cheupe kwenye sakafu nyeupe kitapotea pichani, na kizingiti cheusi kitaonekana kama pengo.

Onyo: usimsimamishe mkazi mbele ya sakafu unayoishuku ili uone kama ataogopa. Kumbukumbu zako za wiki mbili zinatosha.

## Hatua ya 3: Sakafu

Ikiwa utaweza kufanya hatua moja tu mwaka huu, fanya hii. Sakafu ndiyo kitu ambacho mzee anakitazama kuliko vyote, na ndiyo inayomwangusha.

Hivi ndivyo inavyosomeka vibaya:

- Zulia jeusi au kipande cheusi: shimo.
- Sakafu inayong'aa: maji yaliyomwagika. Mkazi hupunguza mwendo, hukaza miguu, au huzunguka pembeni ambako hakuna pa kushika.
- Mistari: ngazi, au vyuma vya kizuizi.
- Maua na madoadoa: uchafu, wadudu au vitu vilivyodondoka. Atainama kuviokota, na akiinama anaanguka.
- Ukanda wa chuma kati ya vyumba viwili: kizingiti. Atainua mguu juu kupita kiasi na kupoteza usawa.

Anza kwa kuondoa mazulia madogo yote, pamoja na yale ya mlangoni. Pale ambapo lazima miguu ifutwe, weka zulia lililozamishwa sawa na sakafu na lenye rangi karibu sawa nayo.

Pili, punguza mng'ao. Acha kabisa nta ya kung'arisha, tumia dawa ya kulinda sakafu isiyong'aa, na tundika pazia jepesi kwenye dirisha linalomwaga jua moja kwa moja sakafuni. Piga deki wakati wakazi wako mezani au wamelala, na ukaushe kabla hawajarudi. Sakafu ikiwa na maji ya kweli leo na mng'ao mtupu kesho, hakuna ubongo utakaojifunza kuiamini.

Tatu, funika au paka kanda za chuma zilingane na sakafu. Mahali korido inapokutana na chumba, linganisha namba za uakisi. Zikizidi 10, badilisha upande mmoja.

Nne, onyesha sakafu inaishia wapi. Ubao wa chini ya ukuta uwe na rangi ya ukuta na utofautiane na sakafu. Ukiwa na rangi ya sakafu, chumba huonekana kipana kuliko kilivyo na mtu hugonga ukuta kwa bega.

Ngazi ni kinyume cha haya yote, na wengi hukosea hapa. Ngazi ya kweli lazima ionekane. Ukingo wa kila kidato upate mstari wenye rangi tofauti, upana wa takriban sentimita 5 hadi 6, juu na mbele ya kidato.

Halafu kuna hila ya kuweka zulia jeusi mbele ya mlango wa kutokea ili wakazi wasisogee. Wakati mwingine inafanya kazi, na inafanya kazi kwa sababu inatisha. Usiitumie. Unamwekea mtu shimo ndani ya nyumba anamoishi, na siku ya moto atakataa kulivuka.

Utajua umefanikiwa ukiona mkazi anavuka mlango bila kupunguza mwendo na bila kushika fremu.

## Hatua ya 4: Mwanga

Pima mwanga pale macho ya mkazi yalipo, akiwa ameketi na kutazama anakotazama kila siku. Kipimo cha chini ya taa kitakudanganya. Kwa sebule na meza ya kula mchana, lenga luksi 500 au zaidi (luksi ni kizio cha kupimia mwanga).

Katika utafiti uliofanyika Uholanzi kwenye nyumba 12 za wazee zenye wakazi 189, na kuchapishwa mwaka 2008, nyumba zilizowekewa mwanga wa takriban luksi 1,000 mchana kutwa zililinganishwa na zile zenye luksi 300 hivi. Kwenye mwanga mkali, kudhoofika kwa akili kulipungua kidogo, na dalili za sonona zikapungua pia. Faida haikuwa kubwa, lakini ilipatikana bila kidonge.

Kabla ya kununua balbu, safisha madirisha na vifuniko vya taa, kata matawi yanayoziba jua, fungua mapazia hadi mwisho asubuhi na usogeze viti karibu na dirisha. Pima tena. Kilichobaki ndicho cha kuongezwa kwa taa.

Mwanga uwe sawasawa. Korido yenye taa kali hapa na giza pale hutengeneza vivuli, na vivuli husomeka kama mashimo au watu waliojificha. Kwa mkazi mwenye demensia ya Lewy, ambaye maruweruwe ni sehemu ya ugonjwa, kivuli cha koti kwenye msumari kinatosha kuwa mtu amesimama. Balbu tupu zisiyapige macho, weka vifuniko.

Jioni washa taa zote saa moja kabla ya jua kuzama. Hapo ndipo mahangaiko huongezeka, na nyumba nyingi husubiri giza liingie kwanza. Funga mapazia mara tu taa zinapowashwa, kwa sababu kioo cha dirisha hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia na mkazi huona mgeni anamkodolea macho kutoka nje.

Usiku vyumba viwe na giza la kweli, isipokuwa taa ndogo za rangi ya chungwa zilizowekwa chini, kutoka kitandani hadi chooni. Taa zinazojiwasha mtu anaposogea zinafaa njiani. Chooni ni hatari: mzee akiketi kimya, taa hizo hujizima na kumwacha gizani katikati ya haja. Huko acha taa iwake usiku kucha.

Kioo cha kujitazamia kifunikwe kwa mkazi anayekiogopa au anayegombana nacho, na kwake tu. Wengine wanakihitaji kuchana nywele, na kuwanyima ni kuwapunguzia heshima bure.

## Hatua ya 5: Kelele

Sauti hupimwa kwa desibeli, na mazungumzo ya kawaida ni takriban desibeli 60. Mtu mwenye demensia hawezi kuchuja kelele nyingine ili abaki na sauti moja, kwa hiyo televisheni, kengele na sufuria vyote humfikia kwa pamoja. Kwa vyumba vya wagonjwa usiku, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele isizidi wastani wa desibeli 30, kiwango ambacho gurudumu moja bovu la toroli linakivunja.

Pima wakati wa chakula na wakati wa kupokezana zamu. Kisha shughulikia chanzo kimoja kimoja:

- Tia mafuta magurudumu ya toroli na bandika kitambaa chini ya miguu ya viti.
- Badilisha kengele za wito ziwe vifaa vya kutetema mfukoni mwa mhudumu.
- Hamishia makabidhiano ya zamu kwenye chumba chenye mlango.
- Zima televisheni isiyo na mtazamaji. Habari za vita na sinema za kupigana zisiwekwe sebuleni, kwani wapo wakazi watakaoamini kwamba yanatokea humohumo ndani.
- Muziki uwe ule anaoupenda mkazi, kwa muda wa nusu saa hivi, kisha uzimwe. Redio inayolia kutwa nzima ni kelele tu.

Kipimo cha mafanikio ni rahisi: unaweza kuongea na mkazi aliye mita 2 kutoka kwako bila kupaza sauti.

## Hatua ya 6: Choo na bafu

Wengi wanaohesabiwa kuwa hawajizuii wameshindwa tu kukipata choo kwa wakati. Hatua hii ndiyo inayorudisha heshima kwa haraka zaidi, kwa hiyo ifanye bila kuruka kipengele.

Kionekane kutoka kitandani. Wakazi wanaokiona choo hukitumia mara nyingi zaidi kuliko wale wanaotakiwa kukumbuka kipo wapi. Geuza kitanda, acha mlango wazi, au weka pazia badala ya mlango na ulifungue usiku.

Milango yote ya vyoo iwe na rangi moja isiyotumika kwenye mlango mwingine wowote. Bango libandikwe kwenye mlango wenyewe, katikati yake ikiwa mita 1.2 hivi kutoka sakafuni, lenye neno "CHOO" na picha halisi ya bakuli la choo. Umbo la mwanamume na mwanamke halisomeki tena kwa wengi. Bango la ukutani kando ya mlango humpeleka mtu ukutani.

Kikalio kiwe na rangi iliyokolea, tofauti ya namba 30 au zaidi na bakuli pamoja na sakafu. Buluu iliyokolea au nyekundu hufaa. Mfuniko uondolewe kabisa, kwani choo kilichofunikwa huonekana kama kiti. Vyuma vya kushikia vitofautiane na ukuta; vyuma vyeupe kwenye vigae vyeupe ni sawa na kutokuwepo.

Ondoa vinavyofanana na choo. Kapu jeupe la mviringo, ndoo, beseni la nguo: vyote vitoke au viwekwe nje ya upeo wa macho. Mkazi aliyekojolea kapu alichagua kitu kilichoonekana zaidi kuwa choo chumbani humo.

Vifaa viwe vya namna aliyoizoea tangu ujana. Koki za kuzungusha zenye alama ya nyekundu na buluu, sabuni ya kipande, karatasi inayoonekana. Koki zinazojifungua mkono ukisogea humwacha mzee akitafuta pa kushika. Mlango wa kabati uliomo ndani ya choo upakwe rangi ya ukuta, la sivyo atajaribu kutokea kabatini.

Bafu ni suala la baridi, mwangwi na kuvuliwa nguo mbele ya mtu. Pasha chumba joto kabla mkazi hajaingia, tundika mataulo ukutani kupunguza mwangwi, na jaza maji kabla hajafika kwa sababu sauti ya maji yanayojaa hutisha. Mfunike bega na mapaja kwa taulo hata akiwa ndani ya maji. Anza miguuni, panda taratibu, na usimwagie maji usoni. Uso unafutwa kwa kitambaa. Asiyeweza kuvumilia bafu kabisa aogeshwe kitandani kwa mataulo yaliyolowekwa maji ya uvuguvugu. Anatoka msafi vilevile.

Kwenye beseni la kuogea jeupe, maji hayaonekani kina chake. Zulia la mpira lisiloteleza lenye rangi ya wastani chini ya maji litaonyesha mwisho uko wapi. Lisiwe jeusi, kwa sababu ileile ya sakafu.

Onyo: maji ya kuogea yasizidi nyuzi 44 za Selsiasi, na yapimwe kwa kipimajoto kila mara, kwani mkazi anaweza kuchelewa kuutoa mwili kwenye maji ya moto. Lakini usishushe joto la tangi. Maji ya tangi yanatakiwa yabaki nyuzi 60 au zaidi, vinginevyo bakteria wa Legionella huzaliana humo na kuleta homa kali ya mapafu. Suluhisho ni vali ya kuchanganya maji, ifungwe na fundi karibu na koki.

## Hatua ya 7: Meza ya kula

Huko Boston, watafiti walibadilisha vyombo vya wanaume 9 wenye ugonjwa wa Alzheimer uliokomaa (aina mojawapo ya demensia), kutoka vyeupe hadi vyekundu vilivyokolea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: chakula kilicholiwa kiliongezeka kwa takriban 25% na vinywaji kwa 84%. Kundi lilikuwa dogo, lakini ni jaribio unaloweza kulirudia kesho kwa sahani moja.

Sahani isiwe na maua wala michoro, na itofautiane na chakula pamoja na meza. Kitambaa cha meza kiwe cha rangi moja. Ondoa chupa, maua na vyombo vya ziada. Mbele ya mkazi pawe na sahani moja, kijiko kimoja, kikombe kimoja. Watu 4 hadi 6 kwa meza wanatosha. Televisheni izimwe, na dawa zisigawiwe katikati ya kula.

Pima uzito baada ya mwezi. Anayeendelea kupungua apimwe meno, kinywa na uwezo wa kumeza kabla ya kumlaumu kwa kutopenda chakula.

## Hatua ya 8: Milango ya vyumba na mabango

Sasa ndiyo zamu ya picha. Korido yenye milango inayofanana humlazimisha mkazi kukumbuka namba, kitu ambacho hawezi.

Weka kisanduku chenye kioo kando ya mlango wake, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyeinama, chenye vitu vitatu au vinne vya maisha yake: kifaa cha kazi yake, picha, kitambaa alichokishona. Picha iwe ya ujana wake au ya utu uzima wa kati. Wengi hawaitambui sura yao ya leo. Waulize ndugu zake ni kitu gani angekitambua hata akiwa usingizini, na kama kuna kinachomkumbusha msiba, kisiwekwe. Jina liandikwe vile anavyoitwa na watu wake.

Mabango mengine yawe machache: choo, chumba cha kulia, bustani. Matangazo ya wahudumu yahamie ofisini. Ukuta uliojaa karatasi humfanya asisome hata moja.

Ndani ya chumba, acha samani zake mwenyewe na usizipange upya kila wiki. Mlango mmoja wa kabati uwe wazi, na nguo za siku hiyo zikiwa zimetundikwa mbele.

## Hatua ya 9: Mlango wa kutokea na mahali pa kuzunguka

Mkazi anayetembea kutwa ana jambo analolitafuta: choo, mtu, kazi, hewa. Andika anaelekea wapi na saa ngapi kabla ya kufikiria kufuli.

Korido inayoishia kwenye mlango uliofungwa huzaa ugomvi. Mwisho wake uweke kitu cha kufanya: kiti chenye mikono karibu na dirisha, rafu ya vitambaa vya kukunja, ua la kumwagilia. Viti viwe na kimo cha sentimita 43 hadi 48 na viwekwe njiani kote, ili anayechoka apate pa kuketi kabla ya kuanguka.

Milango ya stoo na ofisi inaweza kupakwa rangi ya ukuta, kitasa na vyote, ili isivute macho. Mlango wa dharura usifichwe bila mkaguzi wa moto kukubali kwa maandishi. Wahudumu wote waweze kuufungua mara moja, gizani, bila kutafuta ufunguo.

## Hatua ya 10: Nje

Mlango wa bustani uonekane kutoka sebuleni na uwe wazi mchana hali ya hewa ikiruhusu. Njia izunguke na kurudi pale ilipoanzia, iwe tambarare, isiyong'aa, yenye viti na kivuli. Uzio ufichwe na mimea. Ng'oa mimea yenye sumu, hasa olianda na maua ya tarumbeta, kwa sababu wapo wakazi watakaoyatia mdomoni. Bustani ambayo lazima uombe ruhusa kuingia haitatumika.

## Hatua ya 11: Badilisha kimoja, subiri, pima

Kosa linaloharibu kazi yote ni kufanya kila kitu kwa wikendi moja. Mkazi anaamka kwenye nyumba asiyoijua, mahangaiko yanaongezeka, na wahudumu wanahitimisha kwamba mabadiliko hayafai.

Fanya hatua moja, sehemu moja, kisha subiri wiki mbili ukiandika kwa fomu ileile. Linganisha nukta za ramani mpya na za zamani. Zikipungua, endelea sehemu inayofuata. Zisipopungua, rudi kwenye picha nyeusi na nyeupe na uangalie kama tofauti ya rangi imefikia 30, kama kuna kivuli kipya, au kama mtu amerudisha zulia. Mazulia hurudishwa mara nyingi sana, hasa na wafanyakazi wa usafi ambao hakuna aliyewaeleza sababu, kwa hiyo wao wawe wa kwanza kuelezwa.

Tukio moja likiongezeka badala ya kupungua kwa siku tatu mfululizo, rudisha hali ya zamani mahali hapo na umwone daktari wa mkazi husika kabla ya kujaribu tena.

Rudia safari ya kiti cha magurudumu kila baada ya miezi mitatu, na pia kila anapoingia mkazi mpya, kila sakafu inapobadilishwa na kila fundi anapoweka balbu za aina nyingine. Fomu za matukio zitunzwe pamoja na picha zake, zikiwa na tarehe, ili zamu inayokuja ijue kwa nini kikalio ni chekundu na kwa nini mlangoni hapana zulia.